Plaketi za mbele ni mpya, taa bado inawaka: tukate waya?

SWALI: Jambo Papa fundi. Niko na BMW X5 ya mwaka 2004, tuliinunua okazioni, volanti iko kushoto. Wiki mbili zilizopita taa ya manjano ya plaketi za breki iliwaka. Nikapeleka gari garaji, fundi akabadilisha plaketi za mbele, pande zote mbili, lakini taa ingali inawaka vilevile. Akasema taa ni ya bongo tu, inadanganya, dawa yake ni kukata waya na kuufunga ili inyamaze. Kweli breki zinashika vizuri na sisikii mlio wowote. Ni mara mbili tu taa nyekundu iliwaka kidogo nikiwa nashuka Kamanyola, ikazimika yenyewe. Mimi napeleka watoto masomo kila siku kutoka Panzi, na siku za soko nashuka Kamanyola kuleta bidhaa. Nikubali akate? Aksanti. (Mama wa Panzi, Bukavu)

JIBU: Jambo Mama. Hapana, asikate. Hilo ndilo jibu la ulichouliza. Lakini barua yako imebeba maswali mawili, na lile uliloliweka karibu na mwisho kama jambo dogo ndilo lililonifanya niisome mara ya pili. Ni ile taa nyekundu ya njia ya Kamanyola. Nitaifikia, ila nianze na ya manjano, kwa sababu usipojua inavyofanya kazi, mtu yeyote mwenye spana mkononi ataweza kukuambia lolote juu yake.

Taa ya manjano ya plaketi ni ile yenye duara na vistari vilivyokatika-katika pembeni, upande huu na upande ule. Watu wengi wanadhani ndani ya gurudumu kuna kitu kinachopima unene wa plaketi, yaani vile vipande vinavyobana diski ili gari lisimame. Hakuna. Kuna waya. Katika X5 ya umri wa kwako, umbo ambalo BMW inaliita E53, waya huo unaingia kwenye kichwa kidogo cha plastiki kilichochomekwa katika plaketi ya ndani, unazunguka humo, kisha unarudi ulikotoka. Maadamu umeme unakwenda na kurudi, tablo, pale taa zinapowaka mbele ya dereva, inatulia. Plaketi zikiisha hadi kubaki kama milimita 3 hivi, diski inaanza kukila kile kichwa cha plastiki, inafika kwenye waya na kuukata. Umeme hauna tena njia ya kurudi, na taa inawaka. Kichwa hicho kwa Kiswahili cha vitabuni ni kihisi. Mimi nitakiita kapteri, maana ndilo jina utakalolitaja dukani ukaeleweka.

Kwa hiyo taa hiyo haiijui plaketi. Inaujua waya tu, kama ni mzima au umekatika. Waya unaweza kukatwa na diski, na ndiyo kazi uliyowekewa. Unaweza pia kukatwa na jiwe, na kutu, na mkono wa fundi aliyeuvuta kwa nguvu, au na miaka 20 ya kukunjwa kila volanti inapozungushwa. Kwenye tablo sababu hizo zote zinaonekana sawa. Hapo ndipo maneno ya fundi wako yana ukweli ndani yake: taa ya plaketi inaweza kuwaka huku plaketi zikiwa nzima, na mimi naliona hilo mara nyingi. Kosa lake ni kwamba amesema hivyo kabla ya kuangalia kila mahali panapopaswa kuangaliwa.

Gari lako lina magurudumu manne, na kila gurudumu lina plaketi mbili, ya ndani na ya nje. Jumla ni plaketi nane. Kapteri ni mbili tu. Moja iko mbele kushoto, ya pili iko nyuma kulia. Ninaposema kushoto na kulia namaanisha ukiwa umekaa ndani unatazama mbele, iwe volanti iko upande gani. Mjini kwetu volanti zimechanganyika, na nimeshuhudia kipuri kikifungwa upande usio wake kwa sababu watu wawili hawakuelewana neno kushoto. Kapteri zote mbili zinasemea kwenye taa moja. Ikiwaka, haina njia ya kukuonyesha ni ya mbele au ni ya nyuma.

Fundi alibadilisha za mbele. Hukuandika kama alifungua nyuma, na jinsi ulivyolieleza jambo naona hakufungua. Basi kuna mawili. Ama aliweka plaketi mpya mbele akarudisha kapteri ya zamani, ambayo tayari ilikuwa imeliwa. Ama mbele hapakuwa na tatizo tangu mwanzo, na kilichokuwa kinaita ni gurudumu la nyuma kulia, ambalo mpaka leo halijaguswa.

Sasa nifike kwenye taa nyekundu.

Ile nyekundu, duara lenye alama ya mshangao, inawashwa na vitu viwili vya kawaida: breki ya mkono haijashuka sawasawa, au mafuta ya breki yamepungua kwenye kopo lake. Ndani ya kopo kuna boya dogo linaloelea. Mafuta yakishuka, boya linashuka nalo na kufunga mkondo wa taa. Kama mafuta yamepungua kidogo tu, barabara ikiwa tambarare boya bado linaelea juu ya mpaka na taa haiwaki. Ukiinamisha gari kwenye mteremko na kukanyaga breki papo hapo, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja wa kopo, boya linaanguka, taa inawaka. Ukifika chini yanajisawazisha, taa inazimika. Wewe umeiona mara mbili, mara zote mbili ukishuka Ngomo, ule mteremko wa njia ya Kamanyola. Hilo halinishangazi hata kidogo. Kati ya Nyangezi na Kamanyola barabara inaanguka kutoka milima yetu hadi bonde la Ruzizi, na gari linabaki limeinama muda mrefu kuliko mahali popote ndani ya Bukavu.

Swali ni hili: kwa nini mafuta yamepungua? Plaketi zinapolika, pistoni za breki zinatoka nje zaidi ili kuzifuata, na nafasi inayobaki nyuma ya pistoni inajazwa na mafuta kutoka kwenye kopo. Ndiyo sababu kopo hushuka polepole hata pasipo tone kuvuja. Ukiweka plaketi mpya, fundi anazirudisha pistoni ndani, na mafuta yanapanda tena. Wewe plaketi zako za mbele ni mpya, kwa hiyo kopo lilipaswa kupanda. Kama taa nyekundu iliwaka baada ya kazi ile, basi kuna mafuta yaliyokwenda mahali. Huenda fundi alifungua skrubu ya hewa wakati wa kurudisha pistoni, yakamwagika na hakujazia; hilo linatokea na si baya sana. Huenda kuna mahali panavuja, kwenye mpira wa pistoni au kwenye bomba. Au plaketi za nyuma zimekwisha, na pistoni za nyuma zimetoka nje na kushika mafuta yaliyopaswa kuwa kwenye kopo.

Hukuniambia ni kabla au baada ya kazi ya fundi. Lakini weka ishara mbili pamoja, Mama. Taa ya plaketi haizimiki ingawa za mbele ni mpya. Mafuta ya breki yanaelekea kuwa chini. Mambo hayo mawili yanaweza kutoka chanzo kimoja, nacho ni plaketi za nyuma zilizokwisha. Sijaligusa gari lako, kwa hiyo siapi. Ila ungeniletea asubuhi hii, gurudumu la kwanza ningelitoa nyuma kulia.

Unaweza kuuliza, za nyuma ziishe vipi wakati kila fundi anasema za mbele ndizo zinazotangulia kwisha? Kwa magari mengi ni kweli, kwa sababu ukikanyaga breki uzito unaenda mbele. Lakini gari lako lina tabia yake. X5 hiyo ina mfumo unaobana gurudumu linaloteleza kwenye matope, ili nguvu iende kwenye gurudumu lenye mshiko. Ina na kitufe chenye picha ya gari kwenye mteremko. Ukikiwasha, gari linajizuia lenyewe kushuka kwa kasi. Mifumo hiyo miwili inafanya kazi kwa kubana breki zilezile za magurudumu, hata kama mguu wako haupo kwenye pedali. Katika mji kama wetu, wenye matope tangu Septemba hadi Mei na vilima kila kona, plaketi zinalika bila dereva kujua. Ongeza pini za kaliperi, kile chuma kinachoshika plaketi na kuzibana, zikiwa zimeshikwa na matope yaliyokauka, na plaketi moja inaweza kwisha huku jirani yake ikiwa bado nene.

Hilo la pini nalitilia mkazo, kwa sababu ndilo linalowadanganya hata watu waangalifu. Kaliperi ya X5 yako inateleza juu ya pini mbili. Pistoni iko upande wa ndani: inasukuma plaketi ya ndani, kisha kaliperi nzima inateleza na kuivuta ile ya nje. Pini zikikauka, kaliperi haitelezi vizuri, na plaketi ya ndani inabeba kazi kubwa. Mtu anachungulia kati ya mikono ya rimu, anaiona ya nje ina nyama ya kutosha, anasema sawa tuendelee, wakati ya ndani imebaki bati. Mlio nao si lazima uusikie. Ukiwa umefunga vioo kwa ajili ya vumbi la Juni, na watoto wanaongea nyuma, chuma kinaweza kusaga diski siku kadhaa kabla hujagundua.

Basi fanya hivi, au mwambie fundi afanye ukiwa umesimama hapo. Tafuteni mahali tambarare. Najua kwa Panzi hapapatikani kila mtaa, lakini msiinue gari hili zito kwenye kilima. Lever iwe kwenye P, mawe mawili makubwa mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, na jeki iwekwe kwenye sehemu yake ya chasi. Mtu asiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toeni gurudumu la nyuma kulia. Mulika ndani kwa taa ya simu, na kama kichwa hakifiki, ingiza simu upige picha. Utaona diski, na pande zake mbili plaketi zikiibana. Kila plaketi ina tabaka mbili: bati la chuma nyuma, na nyama ya kusugua inayogusa diski. Pima nyama peke yake. Watu wanalihesabu na lile bati, wakapata milimita nane wakafurahi, kumbe nyama imebaki tatu. Kijiti cha kiberiti kina unene wa kama milimita mbili. Nyama ikiwa nyembamba kuliko kijiti kimoja na nusu, plaketi hiyo imemaliza kazi. Ikiwa mpya huwa na milimita 10 au zaidi.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa diski, gari likiwa limepoa. Ukisikia mdomo mkali umejitokeza, diski nayo imelika. Kwenye diski nyingi kuna maandishi yaliyochongwa yanayotaja unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Fundi mwenye kipimo atakuambia kama imeshapita hapo. Halafu nenda gurudumu la nyuma kushoto ufanye vilevile, ingawa halina kapteri. Hasa kwa sababu halina. Taa haiwezi kukuambia chochote kuhusu upande huo, na kama pini zimeshika huko, itatulia mpaka chuma kianze kulia.

Ukikuta plaketi za nyuma zimekwisha, basi taa haikudanganya hata siku moja. Nunua plaketi za nyuma pande zote mbili, na kapteri mpya ya nyuma. Ya mbele na ya nyuma hazifanani, waya zake hazina urefu mmoja. Usikubali muuzaji akuambie ni ileile. Kapteri iliyokwisha kuliwa hairudi. Ni kitu cha kutumika mara moja, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na diski. Fundi asafishe pini za kaliperi na kuzirudisha zikiteleza kwa mkono bila kulazimishwa, na asipake grisi ya kawaida ya injini au ya bering'i karibu na mipira ya breki, maana inaivimbisha na kuiharibu.

Ukikuta za nyuma bado nene na kapteri ya nyuma ncha yake ni nzima, hapo rudi mbele kushoto. Mwombe fundi aitoe kapteri akuwekee mkononi. Ikiwa plastiki imekwanguliwa na shaba inang'aa katikati, jibu umelishika: plaketi mpya ziliwekwa na kapteri ya zamani. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi garajini, kwenye gari la mteja aliyelipa vizuri, kwa hiyo usimgombeze mtu. Mwambie tu anunue mpya na aifunge.

Ikiwa ncha ni nzima, fuata waya wenyewe. Unatoka kwenye kaliperi, unapita karibu na bomba la breki, na kuishia kwenye kisanduku kidogo cha plastiki ndani ya upinde wa gurudumu, ambamo soketi mbili zinakutana. Tafuta mambo matatu. Kwanza, mahali waya ulipotoka kwenye vishikizo vyake ukawa unasuguana na tairi au rimu. Fundi akisahau kishikizo kimoja tu, waya unalegea na kuliwa. Pili, sehemu inayokunjwa volanti inapokatwa: hapo ganda la nje linaweza kuwa zima huku shaba ya ndani imekatika, na ukiuvuta taratibu unasikia unarefuka kama mpira. Tatu, ndani ya soketi, rangi ya kijani kwenye shaba. Hiyo ni maji. Gari linaoshwa ziwani kwa pampu yenye nguvu, mtu anaelekeza mdomo wa pampu ndani ya upinde wa gurudumu ili matope yatoke yote, na maji yanaingia ambapo mvua isingefika. Soketi yenye kijani isafishwe kwa dawa ya kusafishia umeme, ikauke, ifungwe mpaka ilie kidogo.

Fundi mwenye mita ya umeme atalimaliza jambo kwa dakika chache. Akiichomoa kapteri na kugusa ncha zake mbili, kapteri nzima ya gari la umbo lako inapitisha umeme kama waya wa kawaida, iliyokatika haipitishi kabisa. Asiye na mita anaweza kutumia kipande cha waya, na hapa ndipo ile dawa ya fundi wako ina nafasi yake halali, kama kipimo. Achomoe kapteri, aunganishe kwa muda matundu mawili ya soketi ya upande wa gari. Afungue kontakti hadi tablo iwake yote, bila kuwasha injini, na asubiri dakika nzima. Hilo la kusubiri si mapambo. Gari hili likishakumbuka kwamba waya umekatika, linataka kontakti ikae wazi angalau sekunde 30 likiona waya ni mzima ndipo lisahau. Kuna watu waliofunga kapteri mpya, wakawasha injini haraka, wakaiona taa bado ipo, wakairudisha kapteri dukani wakisema ni mbovu. Ikiwa taa imezimika kwa kile kipande cha waya, tatizo lilikuwa kapteri hiyo. Ikiwa haikuzimika, tatizo liko kwenye waya unaoingia ndani ya gari, au liko kwenye kapteri ya ekseli nyingine. Kisha kipande kile kitolewe. Kitolewe siku hiyohiyo.

Niseme pia kwa nini mafundi wanatofautiana, huyu anasema kata, yule anasema unganisha. Mercedes za zamani, kama 190 na W124 zilizojaa mjini miaka ile, zinafanya kinyume cha gari lako. Kwao waya unasubiri kugusana na chuma cha diski ndipo taa iwake. Kwa hiyo kwenye Mercedes hizo ukiukata waya, taa inanyamaza milele. Kwenye BMW yako ukiukata, ndiyo kwanza taa inawaka, na ili inyamaze lazima ncha zake mbili ziunganishwe. Mtu aliyejifunzia kwenye mtindo mmoja anaubeba hadi kwenye mwingine, na hapo unakuta gari lina waya zilizokatwa, zikafungwa, zikakatwa tena, mpaka anayekuja baadaye hajui ipi ni ipi. Mtindo wowote ule, mwisho wake ni mmoja: umelipofusha gari.

Nililetewa gari kama hilo, la mfanyabiashara aliyekuwa akishuka Ngomo kila wiki. Waya za nyuma zilikuwa zimeunganishwa na kuzungushiwa utepe mweusi, kwa ufundi mzuri kabisa. Kwa sababu hiyo taa haikuwaka. Plaketi ya ndani ya nyuma kulia ilikuwa bati tupu, bati limechimba diski kama mtu alivyochimba mfereji kwa jembe, na pistoni imetoka nje kiasi kwamba mpira wake ulikuwa umeanza kuvuja. Alinunua diski mbili, plaketi nne na kaliperi. Aliniambia pedali ilianza kwenda chini siku tatu kabla, naye akadhani ni hewa. Siku hizo tatu alikuwa na abiria.

Kuhusu mafuta ya breki, fungua boneti ukiwa mahali tambarare. Kwa volanti ya kushoto, kopo lake liko nyuma ya injini upande wa dereva. Lina alama ya juu na ya chini. Ukilikuta karibu na alama ya chini, usikimbilie kujazia. Ukijazia, taa nyekundu itazimika na utakuwa umejinyima habari. Na siku plaketi za nyuma zitakapobadilishwa, pistoni zitarudi ndani na mafuta yatafurika chini ya boneti, nayo yanakula rangi. Kwanza plaketi ziangaliwe, kisha mabomba na upande wa ndani wa kila gurudumu, kama kuna unyevu wa mafuta. Likiwa chini na plaketi zote nane ni nene, hapo chukulia kuna mahali panavuja, na gari hilo lisitoke garajini hadi papatikane.

Uliza pia mafuta yamekaa humo miaka mingapi. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya ziwani na ya mvua inayo ya kutosha. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa ni 155 tu. Breki zinazobanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto mkali. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama bila gari kusimama. Ukipumzisha gari nusu saa, pedali inarudi kama hapakutokea kitu. Yabadilishwe kila miaka miwili, yote, kwa kusukuma ya zamani yatoke magurudumu yote manne. Na ukishuka Ngomo, sukuma lever upande wa kubadilisha gia mwenyewe, ishike gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza, injini ivute gari nyuma, na breki uzikanyage kwa nguvu kisha uziachie zipoe, badala ya kuziegemea kidogo-kidogo njia nzima.

Kwa majirani watakaosoma jibu hili wakiwa na magari mengine, maneno machache tu. Toyota nyingi zinazotembea hapa hazina waya huu. Zina kikucha cha chuma kwenye plaketi kinachopiga filimbi zikikaribia kwisha. Ukiwa na Toyota ya namna hiyo na taa nyekundu inawaka, tafuta kwenye breki ya mkono na kopo la mafuta. Kwenye Golf na Passat nyingi zilizokuja kutoka Ulaya, waya umejengwa ndani ya plaketi yenyewe, mbele kushoto. Ukinunua plaketi zisizo na waya, taa haitazimika hata ufanyeje. Na X5 za kuanzia 2007 zina hesabu ya plaketi kwenye tablo, ambayo lazima irudishwe mwanzo baada ya kazi. Ikikataa kurudi, kapteri mojawapo bado imekatika.

Kwako Mama, kesho rudi kwa fundi yuleyule kama una imani na mikono yake, umwambie kwa heshima: "Baba, kabla hatujagusa waya, nifungulie nyuma kulia nione." Fundi mzuri hatakasirika. Mwombe na vipuri vya zamani alivyotoa mbele, hasa kapteri, kama bado viko. Watoto unaweza kuwapeleka masomo polepole ikiwa pedali ni ngumu na iko juu kama siku zote na kopo lipo juu ya alama ya chini. Pedali ikiwa laini, au kopo likiwa chini ya alama, gari lilale nyumbani, watoto wapande teksi. Na siku ya soko itakayokuja, kabla gurudumu la nyuma kulia halijafunguliwa, bidhaa za Kamanyola mtume mtu mwingine akuletee.